Mafuta ya nazi ni ya asili, lakini chunusi hazijali asili

Hapa Mtwara, kuanzia mjini hadi Mikindani, binti akitokwa na chunusi huambiwa: "Achana na vipodozi vya dukani, paka mafuta ya nazi, hayo ni ya asili." Wanaosema hivyo wanampenda, ila wanakosea. Kitundu cha kinyweleo hakitofautishi kilichonunuliwa na kilichokamuliwa nyumbani. Mafuta mazito yakikutana na mafuta ya ngozi yenyewe na seli zilizokufa, kitundu huziba, bakteria wakazaliana humo, ngozi ikavimba. Na mafuta ya nazi yamo katika kundi la yanayoziba sana.

Mwaka 1972 Kligman na Mills, watafiti wa ngozi wa Marekani, walieleza chunusi zinazoletwa na vipodozi: vipele vidogo vidogo, hasa mashavuni. Hujitokeza polepole mno, ndiyo maana wengi hulaumu chakula au joto la pwani.

Poda na fandesheni si lazima uziache. Tafuta zisizo na mafuta, uzioshe kabla ya kulala, taratibu, bila kusugua kwa dodoki. Mafuta ya nazi yabaki miguuni. Hata ya nywele, jamani, yafutwe yanaposhuka kwenye paji.