Kwaya ya ba be bi bo bu: nani anasoma na nani anaimba tu?

Darasa la kwanza linajua kudanganya jamani. Unasimama mbele, unagusa ubao kwa fimbo, chumba kizima kinaitikia "ba, be, bi, bo, bu" mpaka mabati yanaitika, mthibiti ubora akipita dirishani anatabasamu anaandika kwenye kidaftari chake anaenda zake. Sasa hebu gusa "bo" peke yake halafu muulize yule wa pembeni kabisa karibu na mlango. Ataangalia juu kidogo, utasikia anajisemea kwa chini ba... be... bi... halafu kwa nguvu "bo!" Amepata, lakini hajasoma, kapanda daladala pale "ba" akashukia kituo chake.

Nafundisha la kwanza na la pili huku Kanda ya Ziwa na karibu kila kitu ninachofanya darasani kwa siku ni kutafuta huyo anayeimba tu. Naandika hapa sababu wazazi wengi wananiambia mwalimu mbona nyumbani anataja silabi zote, na ni kweli anazitaja.

Kwanza tusilaumu kwaya bure. Tangu 2015 masomo ya la kwanza na la pili yalipunguzwa, nguvu ikawekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na hilo lilitusaidia sana. Mwaka uliofuata ikaja elimu bila ada, watoto wakamiminika, jambo jema kabisa, ila madarasa yakafurika na ule uwiano wa mwalimu 1 kwa watoto 45 shule nyingi ukabaki kwenye makaratasi. Mtaala mpya ulioanza 2024 nao umekuta watoto wamebanana vilevile. Kipindi ni dakika 30. Kama una watoto 90 na unataka kumsikiliza kila mmoja anasoma, kila mtoto anapata sekunde 20, na hapo hujafundisha kitu, hujafuta ubao, hujaamua ugomvi wa kifutio. Ndo maana watu tunakimbilia kwaya. Mimi naitumia dakika chache za mwanzo ili sauti zikae masikioni, baada ya hapo nataka kuona mikono, midomo nimeshaisikia.

Mikono ndo kadi. Maboksi ya dukani nayakata vipande, kila kipande silabi moja kwa maka peni, kila kikundi kinapewa rundo lake. Nasema neno, "lima", wanatafuta li na ma wanazipanga juu ya dawati. Hapo nikitembea katikati ya madawati naona nani kashika kadi, nani anaangalia mwenzake anafanyaje, nani kaziweka kichwa chini miguu juu. Halafu nawaambia sasa badilisheni, ya nyuma ije mbele. Inakuwa "mali". Siku ya kwanza wakigundua hilo darasa linapasuka, wanaanza kugeuza kila kitu, "kata" inakuwa "taka", "tasa" inakuwa "sata" wananiuliza mwalimu sata ni nini, nawaambia hamna neno hilo, wanacheka. Huyo aliyegeuza mwenyewe akasoma sata hata kama haina maana, huyo anasoma. Hakuna wimbo wenye sata.

Kitu kingine kinachotusumbua ni jina la herufi na sauti yake. Mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba hii ni "em" ukimpa m na a anakwambia "ema", na kwa akili yake yuko sahihi kabisa. Sisi tunafundisha sauti, unafunga mdomo unaguna mmm halafu unafungua aaa, ma. Kwahiyo mzazi ukitaka kusaidia usianze na ei bii sii, hizo atazikuta mbele ya safari.

Halafu kuna mapacha wale, b na d. Usizifundishe wiki moja, nakuomba. Mtu anaona baba na dada ni maneno mepesi anayaweka ubaoni pamoja, mwezi mzima unasahihisha "daba". Mimi b naianza mapema, naiacha ikomae, d inakuja baadaye sana. Na huku kwetu l na r ni shida nyingine, mtoto anaandika "karamu" akiwa anamaanisha ile ya kuandikia, anaandika "semanini" na "zahabu" sababu ndivyo anavyosikia nyumbani na sokoni na wakati mwingine kwa mwalimu wake pia, tuseme ukweli. Hilo halimaanishi hajui kusoma. Kaandika alichosikia, sikio ndo linahitaji mazoezi.

Kwenye kuandika udanganyifu ni mkubwa zaidi. Ubaoni unaweka "Mama anapika ugali", nusu saa baadaye madaftari yamejaa mwandiko mzuri, ukimwambia asome alichoandika anakutolea macho. Kachora. Kunakili kuna faida yake, mkono unazoea, na kabla ya hapo tunaumba herufi hewani kwa kidole halafu nje kwenye mchanga, maana mtoto anayeshika penseli kwa ngumi ukimpa daftari moja kwa moja anatoboa karatasi. Ila kila siku kabla hatujatoka lazima nitoe imla ya maneno matatu tu, mafupi, ya silabi tulizofundisha wiki hiyo. Matatu nayaona yote kwa kupita, sihitaji kubeba madaftari 90 nyumbani.

Hesabu ni yaleyale. Wanaimba moja mpaka mia bila kukosea, mwage vizibo vya soda mezani mwambie hesabu, mdomo umefika 12 kidole kiko kwenye kizibo cha tisa. Mwingine anahesabu vizuri kabisa vizibo saba, unamuuliza kwahiyo viko vingapi, anaanza upya moja, mbili, tatu. Hajajua bado kwamba ile namba ya mwisho ndo jibu. Huyo usimpe kujumlisha kwanza, utamwonea. Mpe vizibo ahesabu huku anavisogeza upande wa pili kimoja kimoja, na akimaliza afunike kwa mkono aseme viko vingapi bila kuangalia.

Ikifika makumi mtaona "kumi na moja" imeandikwa 101, "ishirini na tano" imeandikwa 205. Mtoto kaandika anavyosikia, kumi kisha moja, ishirini kisha tano. Kumwambia umekosa hakusaidii kitu. Tunakusanya vijiti vya fagio, kumi kumi tunafunga na rababendi, bando moja inakaa upande wa makumi na kijiti kimoja upande wa mamoja, anaona kwa macho kwamba kule kwenye makumi kuna kitu kimoja tu, sasa hiyo sifuri katikati anaiweka ya nini. Wengi wanajirekebisha wenyewe.

Na wapo wale wa dukani, hawa ndo wananifurahisha. Ubaoni 500 kutoa 200 anakosa, lakini mama yake akimtuma andazi la mia mbili na mia tano mkononi harudi bila chenji kamili, na muuza akimpunja anagoma kuondoka. Ndo maana nina kiduka kona ya darasa, paketi tupu, hela za karatasi nilizochora, wanauziana, halafu kila biashara mnunuzi na muuzaji wanaiandika kwenye daftari kama hesabu ya kutoa. Kelele zipo, jirani wa la tatu analalamika, tunavumiliana.

Kuna vitu sina dawa navyo. Aliyetoka nyumbani bila kunywa chochote saa nne analala, kadi ziwe nzuri vipi. Shule yenye uji unaiona tofauti kwa macho.

Homuweki yangu ya Ijumaa ni moja tu, alete maneno matatu aliyoyasoma mwenyewe kwenye paketi za nyumbani, ya chumvi, unga, sabuni, chochote, aandike nyuma ya daftari. Wengi wanaleta "chumvi" na "unga". Mmoja akaniletea MUDA WA MATUMIZI, kwa herufi kubwa zote, akaisoma mbele ya wenzake bila kusita. Nikamuuliza maana yake nini. "Hiyo sijui mwalimu, ila nimeisoma." Basi Jumatatu ile kipindi kizima tukapekua paketi za kiduka chetu kutafuta tarehe, na nusu ya bidhaa zangu zikakutwa zimeisha muda.