Miwani na helmeti havigombani

"Daktari, nikivaa helmeti miwani naiweka pembeni, maana vinabanana." Kauli hiyo naisikia kwa madereva wa mbio za magari wanaokuja kupimwa macho hapa Dodoma, kwa manevigeta wao (wanaokaa kando ya dereva na kumsomea njia kutoka kwenye daftari), na kwa vijana wa bodaboda wa Majengo na Sabasaba ambao miwani yao huishia kwenye mfuko wa shati. Juzi nimeisikia tena kutoka kwa kijana ambaye namba ya miwani yake ni -2.00 macho yote mawili, yaani haoni mbali, anayejiandaa kuingia mashindano ya barabara za vumbi. Nimeamua kuyaandika haya kwa urefu, ili atakayekuja kesho na maneno yale yale nimpe asome kwanza, tuongee baadaye.

"Helmeti na miwani haviwezi kukaa kichwa kimoja"

Vinakaa, na vimekaa miaka mingi. Masten Gregory, Mmarekani aliyejulikana kwa miwani yake minene, alishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1965 pamoja na Jochen Rindt. Bobby Rahal alishinda mbio za Indianapolis 500 za Marekani mwaka 1986, naye ni mtu wa miwani. Mfaransa Sébastien Bourdais alitwaa ubingwa wa Champ Car, mashindano ya magari ya Marekani, mara nne mfululizo, 2004 hadi 2007, akiwa na miwani ndani ya helmeti. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, zenyewe zinakubali uoni uliorekebishwa. Kinachotakiwa ni dereva aone, na miwani ipo kwa kazi hiyo.

Sasa mfikirie yule kijana wangu. Mtu wa -2.00 akivua miwani, mwisho wake wa kuona vizuri ni nusu mita kutoka usoni. Usukani anauona. Ukingo wa korongo ulio mita 100 mbele hauoni, anaona rangi tu: wekundu wa barabara, ukijivu wa mibuyu. Gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Jiwe analoliona mwenye miwani kutoka mita 100 linampa kama sekunde tatu na nusu za kulikwepa. Asiye na miwani akiligundua likiwa mita 30, amebakiwa na sekunde moja, na sehemu kubwa ya hiyo inaliwa na ubongo kabla mguu haujagusa breki.

Hapo ndipo huniambia, "Lakini njia naijua." Barabara ya vumbi haina mwenye kuijua. Gari lililotangulia limechimba mfereji ambao saa moja iliyopita haukuwepo. Ng'ombe wanavuka kwenda kunywa maji. Bodaboda aliyepita njia ya Hombolo asubuhi akirudi jioni anakuta lori limemwaga kokoto. Wengine wanasema wanafinya macho. Kufinya macho kunasaidia kidogo kwa sababu mwanga unapita kwenye tundu dogo, lakini kunapunguza mwanga na kuchosha misuli ya uso, na hakuna anayeweza kufinya macho kwa saa nzima kwenye njia ya mashimo.

Maumivu wanayolalamikia ni ya kweli, siyakatai. Ila chanzo chake ni fremu. Helmeti inayofaa lazima ibane, na mito yake ya mashavu inausukuma mkono wa miwani kwenye mfupa ulio juu ya sikio. Mkono ukiwa mnene, au mpana kama zile fremu nzito za plastiki zilizoshika fasheni, au umekunjwa sana nyuma ya sikio, haitapita nusu saa kabla kichwa hakijauma. Mtu anavua miwani na kulaumu helmeti.

Fremu ya kuingia kwenye helmeti ina mikono myembamba, bapa, iliyonyooka mpaka mwisho. Mkunjo wa nyuma ya sikio hauhitajiki, kwa kuwa mito ya helmeti yenyewe ndiyo inayoishika miwani isianguke. Madini ya titani ni mazuri kwa sababu ni mepesi na fremu yake inaweza kufanywa nyembamba bila kuvunjika ovyo. Usipomudu bei yake, fundi miwani mzuri anaweza kuupasha moto mkono wa plastiki na kuunyoosha. Sehemu ya mbele isiwe pana kupita uwazi wa helmeti, na vishikio vya pua viwe vya silikoni, kwa sababu jasho la huku likianza kushuka, plastiki ngumu inateleza. Helmeti nyingi nzuri zina njia ya miwani iliyoachwa kwenye mito. Uliza kabla hujalipa.

Halafu kuna utaratibu wa kuvaa, ambao karibu kila mtu anaukosea. Balaklava, ile soksi ya kichwa, kwanza. Helmeti. Funga mkanda. Ndipo ushike miwani kwa mikono yake miwili na kuisukuma taratibu kupitia uwazi wa mbele, juu kidogo ya masikio, kisha ushushe kioo cha helmeti. Anayevaa miwani kwanza na kuishindilia helmeti juu yake anapinda fremu, anajikwaruza pua, na siku hiyo hiyo anakuja kuniambia haviendani. Kuvua ni kinyume: miwani inatoka kabla ya helmeti, kila mara. Wenzako wa timu nao walijue hilo. Ukipata ajali, wanaokuja kukusaidia wasianze kuvuta helmeti wakati miwani bado imekwama ndani; na helmeti ya majeruhi iachwe kwa anayejua kuivua bila kutikisa shingo.

Nawasihi wateja wangu wote jambo moja: njoo kupimwa na helmeti yako. Mito ya helmeti inaweza kuinua miwani au kuilaza upande, na katikati ya lenzi pakihama kutoka mbele ya mboni, picha inayumba na kichwa kinauma hata kama namba ni sahihi. Kwa wenye namba kubwa, kuanzia -4.00 hivi, hata lenzi ikisogea milimita chache mbali na jicho nguvu yake inabadilika. Fremu iliyokaa vizuri ukiwa kichwa wazi kwenye kiti changu haijaniambia chochote kuhusu itakavyokaa njiani. Mtu anasafiri kutoka Kondoa au Mpwapwa, anafika bila helmeti, na ananiomba "nikadirie tu." Sikadirii.

"Nunua helmeti kubwa zaidi, miwani itapata nafasi"

Hii inaua. Helmeti iliyolegea inazunguka kichwani wakati wa kugonga, na inaweza kutoka kabisa. Ijaribu hivi: ivae, funga mkanda, ishike kwa mikono miwili uizungushe. Ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Ikizunguka yenyewe na ngozi ikabaki mahali pake, ni kubwa.

Kibaya zaidi ni kisu. Nimeshika helmeti za bodaboda zilizochongwa povu gumu la ndani ili mikono ya miwani ipite. Povu lile ndilo linalosagika wakati wa kugonga ili fuvu lisisagike. Ukilichonga kando ya sikio umeondoa kinga mahali ambapo mfupa wa fuvu ni mwembamba. Kwenye mashindano helmeti iliyochongwa haipiti ukaguzi, na haistahili kupita. Mito ya kitambaa inayotoka na kurudishwa inaweza kubadilishwa kwa myembamba zaidi ya kampuni ile ile. Povu haliguswi.

"Kioo cha helmeti kinatosha, lenzi iwe yoyote"

Mwaka 1972, kwenye mashindano ya Formula 1 ya Ufaransa huko Clermont-Ferrand, jiwe lililorushwa na gari la mbele lilipenya kioo cha helmeti ya Helmut Marko wa Austria na kumpofusha jicho la kushoto. Aliacha mbio. Vioo vya helmeti vya leo ni imara kuliko vya wakati ule, lakini madereva wengi wa huku wanaendesha kioo kikiwa wazi kwa sababu ya joto. Lenzi za miwani ya helmeti ziwe za polikaboneti, plastiki isiyovunjika kirahisi. Lenzi za kioo halisi, zile nzito za zamani ambazo bado wazee wanazipenda kwa kuwa hazichuniki haraka, zisiingie kwenye helmeti hata siku moja, kwa sababu zikivunjika vipande vinaingia jichoni.

"Lenzi za kuvaa ndani ya jicho zinamaliza tatizo lote"

Kwa baadhi ya watu, ndiyo: hazipati ukungu na zinatoa uoni mpana wa pembeni. Lakini tuko Dodoma. Hewa ni kavu, na kuanzia Julai upepo unabeba vumbi mpaka Oktoba. Dereva aliyekaza macho barabarani anapepesa mara chache, lenzi inakauka, chembe ya mchanga inaingia chini yake, na hawezi kuitoa akiwa amefungwa mikanda na glavu mkononi. Nimeona pia watu wanaoziosha kwa maji ya bomba, au hata ya kwenye ndoo. Maji hayo yanaweza kuwa na vimelea vinavyotafuna kioo cha jicho, na tiba yake huchukua miezi. Asiyekuwa na dawa maalumu ya kuzisafishia na mikono safi abaki na miwani.

"Jozi moja inamtosha dereva na nevigeta"

Dereva anataka mbali. Nevigeta aliyevuka miaka 40 anataka daftari lililo mapajani, pengine sentimita 40 kutoka usoni, na pia anataka kuinua macho na kuona kona aliyoitaja. Kifaa cha kuzuia shingo isirushwe wakati wa kugonga kinamnyima nafasi ya kuinamisha kichwa, kwa hiyo ile miwani ya kusomea ya meza za sokoni haimsaidii: ukurasa anauona, dunia ya nje inapotea. Ninachompendekezea ni lenzi ya sehemu mbili yenye sehemu pana ya chini, nami humpima akiwa amekaa, helmeti kichwani, daftari lake mapajani. Ile ya kuchanganya taratibu kutoka mbali hadi karibu siipendi kwa kazi hii, maana pembeni yake kuna ukungu na gari likirukaruka jicho linapotea humo.

Yaliyobaki nayamaliza haraka. Lenzi zinazobadilika rangi juani haziwi nyeusi vizuri ndani ya gari, kwa sababu kioo cha mbele kinazuia sehemu kubwa ya miale inayoziamsha, na kwenye joto kali huwa na giza dogo zaidi. Lenzi za njano hazikuongezei mwanga usiku. Kila lenzi yenye rangi inapunguza. Kioo cheusi cha helmeti kivuliwe jua linapozama. Ukungu wa asubuhi za Juni unatokana na pumzi yako ya moto: shusha balaklava chini ya pua, fungua matundu ya hewa, ukisimama inua kioo kidogo. Acha kupaka dawa ya meno kwenye lenzi, inachuna tabaka la juu. Vumbi nalo usilifute kwa shati kavu, ni mchanga huo. Mwagia maji kwanza, ndipo ufute.

Na jozi ya pili, yenye namba ile ile, ikae kwenye kasha gumu lililofungwa mahali ambapo nevigeta anaifikia akiwa na mikanda. Kwenye buti haitamfaa mtu.