Jicho haliumi lakini linaharibika: virusi vya macho kwa mwenye kinga iliyoshuka

Nianze na hili maana ndo linalotuletea wagonjwa wakiwa wamechelewa. Kuna virusi vinakula jicho na wala haliumi, haliwi jekundu, halitoi tongotongo, mtu anaona tu vidoa vyeusi vinaelea kama mbu au mwanga unamulika pembeni, basi anasema ni uchovu. Vinaitwa sitomegalo, CMV kwa kifupi, watu wengi tu wanavyo mwilini na haviwasumbui, ila CD4 (hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, inayopimwa kwa mwenye VVU) ikishuka chini ya 50, au mtu akiwa kwenye dawa za kushusha kinga baada ya kupandikizwa figo, vinaamka na kushambulia retina kule nyuma ya jicho.

Na jicho zima linamficha mwenzake. Kuna dada aliingiwa na mdudu jicho la kulia, akalifumba alitoe, kumbe la kushoto halioni nusu ya chini ya mlango! Kwa hiyo funika moja moja ujipime, na ukifika kliniki usikubali kumulikwa tochi tu, omba matone ya kutanua mboni daktari aangalie mpaka nyuma.

Dawa ipo. Mara nyingi ni vidonge vya valgansikloviri, miligramu 900 mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 3, halafu mara 1 kwa siku kwa miezi, na ugonjwa ukikaribia katikati ya retina tunachoma sindano ndani ya jicho lenyewe (najua inatisha, ila tunatia ganzi kwanza). Dawa hii inashusha chembe nyeupe za damu, ndo maana tunakupima damu kila mara, na figo zikiwa na shida dozi inapunguzwa. Ila dawa inavizuia tu virusi, haivimalizi, kwa hiyo usiache eti kwa sababu vidoa vimepungua, kwa mwenye VVU tunasubiri CD4 ipite 100 na ikae hapo miezi 3 hadi 6, maana retina ikishakufa hairudi. Na kama hujaanza ARV mwambie daktari habari za macho kwanza, kinga ikirudi kwa kasi jicho linaweza kuvimba ndani.

Mkanda wa jeshi nao unatokana na virusi, ukitokea usoni, hasa malengelenge yakifika ncha ya pua, wahi ndani ya saa 72 uanzishiwe asikloviri. Matone yenye steroidi usijinunulie kabisa, kama ni kidonda cha hepesi (virusi vingine tena) kwenye kioo cha jicho yanakichimba zaidi.