Kuikataa nuru: maana yake nini?

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa wavuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Tuseme wawili wamekutwa na nyavu majini siku hizo. Mmoja alikuwepo kwenye mkutano wa kutangaza katazo hilo mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, akasikia kila neno na kuitikia. Mwenzake katoka mbali, hakuambiwa na mtu. Kosa ni lile lile, lakini kabla hakimu hajafungua kinywa tunajua nani hana la kujitetea.

Yesu alilisema jambo hilo katika Luka 12. Mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende atapigwa sana. Asiyejua atapigwa kidogo. "Kila aliyepewa vingi, kwake huyo vitatakwa vingi." Mafundisho ya Kikristo yanaposema mtu atawajibika kwa kuikataa nuru, maana yake ni hiyo: utaulizwa kwa kadiri ya ulichooneshwa.

Nuru hapa ni ukweli wa Mungu uliokufikia ukautambua. Sisi wa Kigoma tunaielewa picha hii haraka, maana usiku wa giza taa za wavuvi huenea ziwani kama mji, na dagaa huzifuata wenyewe. Yohana 3:19 inasema kinyume chake kuhusu binadamu: nuru imekuja, na watu wakapenda giza. Neno zito hapo ni "wakapenda". Hawakupotea njia, walichagua.

Kwa hiyo kutosikia si kukataa. Kutoelewa si kukataa. Hata kuuliza kwa uchungu si kukataa. Tomaso alidai kuona alama za misumari, na Yesu akamwonesha. Kukataa ni pale moyo umeshakiri kwamba hili ni kweli, kisha ukageuka kwa sababu ukweli huo utakugharimu: hawara, fedha ya dhuluma, ugomvi wa shamba na ndugu yako ambao hutaki uishe.

Inaniuma fundisho hili linapogeuzwa fimbo ya kumchapia jirani wa dini nyingine. Hakuna ajuaye jirani huyo amepewa nuru kiasi gani, isipokuwa Mungu. Yesu alipoikemea miji katika Mathayo 11, hakuanza na Tiro na Sidoni ya wapagani. Alianza na Korazini, Bethsaida na Kapernaumu, miji ya karibu na Ziwa Galilaya iliyomwona kwa macho yake akiponya. Kapernaumu ndiko Petro alikokuwa na nyumba. Onyo lile lilikuwa la watu wa nyumbani: leo ni sisi tuliobatizwa, tunaojua nyimbo kwa kichwa, tunaokaa benchi la mbele.

Na Petro mwenyewe? Huyu aliijua nuru kuliko wengi, akamkana Yesu mara tatu akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Katika Yohana 21 anarudi alfajiri kutoka kuvua, anakuta ufukweni moto wa makaa, samaki na mkate, na Yesu anawaambia waje wale. Baada ya kula anaulizwa mara tatu kama anampenda, na kila anapojibu anakabidhiwa kondoo wa kuchunga.