Je, wajua kyubiti moja (kipande kidogo kabisa cha taarifa kwenye kompyuta ya kwantamu, kinachoweza kuwa 0, 1 au vyote kwa pamoja) inaweza kulindwa ndani ya mtetemo mmoja tu?

Shida ya kompyuta za kwantamu ni kwamba kyubiti inaharibika haraka mno, kelele kidogo tu ya joto au umeme na taarifa imepotea, na huwezi kuitunzia kopi pembeni kama faili la kawaida sababu fizikia yenyewe hairuhusu kunakili hali ya kwantamu usiyoijua. Njia iliyozoeleka ni kuitawanya taarifa ya kyubiti moja kwenye kyubiti kibao, na hapo gharama inapaa.

Mwaka 2001 Daniel Gottesman, Alexei Kitaev na John Preskill wakaja na wazo lingine: iweke kwenye kitu kimoja kinachotetemeka, yaani osileta, mfano mawimbi ya maikrowevu yaliyofungiwa ndani ya chemba ya chuma iliyopozwa sana. Osileta ina ngazi za nishati zisizo na mwisho, kyubiti inataka mbili tu, nafasi inayobaki ndo inakuwa ulinzi.

Inafanyaje kazi? Chukulia rula inayopima mahali osileta ilipo. Hali ya 0 inakaa kwenye alama shufwa zote kwa pamoja, hali ya 1 kwenye witiri. Kelele ikiisukuma kidogo, unapima tu imepotoka kiasi gani kutoka alama ya karibu, huulizi ni alama ipi, kwa hiyo unalijua kosa bila kuchungulia kama ni 0 au 1 (ukichungulia umeshaiua), halafu unairudisha. Ikisukumwa zaidi ya nusu ya nafasi kati ya alama mbili, utairudisha pasipo pake.

Ila utamu wenyewe uko hapa: mwanafizikia Heisenberg alishaonyesha huwezi kujua kwa usahihi mahali na momentamu (uzito mara kasi ya kitu) kwa wakati mmoja, lakini ukipima ule mpotoko tu kwa vyote viwili, na nafasi za alama zikapangwa sawasawa, vipimo haviingiliani kabisa! Hii kitu mi naiona nzuri ajabu.

Kuitengeneza ilichukua karibu miaka 20, maana alama kali kabisa zingetaka nishati isiyo na kikomo, maabara zinatumia zenye ukungu kidogo. Chuo cha ETH Zurich cha Uswisi waliweza 2019 kwa mtetemo wa ioni (atomi yenye chaji) moja ya kalsiamu, Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani wakafuata 2020 kwa maikrowevu, na 2023 Yale wakaonyesha kyubiti iliyosahihishwa inadumu mara 2.27 ya ile bora isiyosahihishwa kwenye mtambo uleule. Kinachosumbua bado ni kifaa cha pembeni kinachopima, kikikosea chenyewe kosa lake linaingia kwenye osileta.