Vijana na Moyo wa Kusaidia: Dhana Nne Tuziache

Dhana: kijana akijua mema, atayatenda.

Kujua hakutoshi. Mwaka 1995 Daniel Hart na Suzanne Fegley walichapisha utafiti juu ya vijana 15 wa Camden, mji maskini wa Marekani, walioteuliwa na watu wa kwao kwa wema wao. Katika kupambanua lililo haki na lisilo haki, hawakuwapita wenzao. Walipotofautiana ni katika kujieleza: walijiona wenyewe kuwa watu wa kuwafaa wengine, na walijinasibisha zaidi na wazazi wao. Sisi Mombasa tunakazana na mawaidha, madrasani, kanisani, hata gwarideni shuleni, kisha nyumbani kijana huyo huyo tunamwita mtukutu asiyefaa kitu. Atajionaje mtu wa heri, na jina tumempa jingine?

Dhana: anayepita bila kusaidia ana roho mbaya.

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson waliwapima wanafunzi wa theolojia kule Princeton, Marekani, watu wazima waliojiandalia uchungaji. Njiani waliwekewa mtu amejikunja, anakohoa, kuona nani atasimama. Wasiokuwa na haraka, 63 kwa mia walisaidia; walioharakishwa, 10 kwa mia tu. Basi mwanafunzi anayekimbilia feri Likoni asubuhi, akampita hamali anayehangaika na mkokoteni kwenye mwinuko wa kivukoni maji yakiwa yamekupwa, tusimhukumu upesi.

Dhana: mpe zawadi kila akisaidia.

Felix Warneken na Michael Tomasello, mwaka 2008, waliona watoto wa miezi 20 waliozoeshwa zawadi wakipunguza kusaidia zilipokatwa. Hao ni wadogo mno, lakini mzazi wa kijana naye atahadhari.

Dhana: kundi la rika huharibu tu.

Hofu hii naielewa. Kisauni na Majengo wazazi wameumizwa na magenge ya mapanga. Lakini utafiti wa Uholanzi wa 2016, kwa vijana wa miaka 12 hadi 16, ulionyesha kwamba rika likisifu utoaji, kijana hutoa zaidi. Likisifu uchoyo, hupunguza. Nguvu ni ile ile. Tunaiona msibani: nani hufunga turubai, hubeba viti, huchimba kaburi? Ni barobaro wa mtaa, na hakuna anayetaka kuonekana amekaa kitako wenzake wakifanya kazi. Wazee wawakabidhi shughuli za mtaa wazisimamie wenyewe, wasingoje mpaka afe mtu.