Ukuta wa zege haulindi ufukwe

Upepo wa kusi ukikaza, ujumbe huu huanza tena kuzunguka kwenye magrupu: "Mwenye nyumba ya pwani, jenga ukuta mrefu wa zege, bahari haitakugusa tena." Wanaousambaza wana nia njema. Anayeona minazi yake ikiangukia majini mmoja mmoja halali usingizi.

Lakini ukuta hulinda kilicho nyuma yake tu, tena kwa muda. Wimbi likipanda mchanga ulioinama hupungua nguvu. Likigonga ukuta uliosimama wima hurudi kwa kishindo na kukwangua mchanga wa chini. Msingi hubaki wazi, ukuta ukaanza kuinama. Kwenye ncha zake maji huzunguka yakala kiwanja cha jirani, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Hakikisha mwenyewe. Nenda siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa, ukatazame ukuta wowote wa zamani: je, zege la msingi linaonekana? Chora alama ya rangi palipo usawa wa mchanga, urudi kupima baada ya kusi, kisha baada ya kaskazi.

Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Pepo hizi huhamisha mchanga, kisha huurudisha. Ukuta uliojengwa mchanga ukiwa njiani kurudi huonekana ndio uliouleta.

Tafadhali, ujumbe huo usiupeleke mbele. Jirani yako anaweza kumalizia akiba yake hapo. Kabla ya kuchimba msingi, mtafute mhandisi anayezijua fukwe, mkae naye pamoja na majirani wote.